Majina ya Kuazima

Kila mtu Kitale amesikia kwamba kuna pesa za bure mahali fulani. Hajui ziko wapi, hajui ni za nani, lakini amesikia. Basi anakuja kwangu. Nina duka la kompyuta nyuma ya soko, saiba kama tunavyoita hapa, chumba kimoja chenye mashine tatu zinazofanya kazi na ya nne ambayo kazi yake ni kubeba kikombe changu cha chai. Mtu anaingia, anaegemea mlango, anauliza, "Jelimo, ile pesa imetoka?" Nikimuuliza ni ipi, ananiangalia kana kwamba namficha. "Si ile bana. Ya biashara ndogo ndogo."

Kwa miaka tisa nimejaza fomu za ruzuku za watu wa kuku, watu wa nyuki, watu wa sabuni, na mzee mmoja aliyetaka serikali imnunulie gari la kukodisha harusini. Ninachapa, ninapokea changu, ninasema Mungu akubariki. Sina tabia ya kufuatilia nani alipata na nani alikosa. Nasema hayo mapema usije ukadhani mimi ni mtu wa huruma nyingi. Habari za Wakiuru nilizifuatilia kwa sababu na mimi nilitia mkono.

Wakiuru anaishi Kibomet. Ana miaka hamsini na mitatu, mrefu, mkavu, na sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Wazee wake walitoka Nyeri zamani wakanunua hisa za shamba la mzungu hapa Trans-Nzoia. Shamba likagawiwa wana, wana wakagawia wana wao, na yeye kama binti akapata mahali pa kujenga nyumba na pa kupanda sukuma wiki. Ana mtoto mmoja, Kim, fundi wa mawe huko Nakuru. Kwa hiyo watu humwita Mama Kim.

Kazi yake ni kukausha mahindi ya watu. Usicheke, hiyo ni kazi. Hapa kwetu mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua nayo haitaki kujua kwamba wakati wake umepita. Mahindi mabichi hakuna ghala linaloyapokea. Ukiyaacha kwenye gunia yanashika joto, yanaota ukungu, na ukungu huo umeua watu. Basi huanikwa kwenye maturubai kando ya lami, na kina mama vibarua huyageuza kutwa nzima kwa malipo ya mikebe miwili ya mahindi. Hugeuzwa kwa miguu. Unavua viatu, unaburuta nyayo ndani ya mahindi kwa mistari, kwenda na kurudi, hadi kila punje ionje jua. Wingu likitokea, mbio za kukunja.

Ni katika kuburuta huko alikokutana na Bilha, pale Moi's Bridge, miaka kumi na moja iliyopita, wote wawili wakigeuza mahindi ya tajiri mmoja. Bilha ni Mbukusu wa Tongaren, ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Bungoma. Ni mjane mfupi, mwenye maneno machache na ekari tatu za mahindi, na mwanawe anaitwa Wekoye. Mama Kim na Mama Wekoye walichanga wakanunua turubai moja, nusu kwa nusu, wakaachana na tajiri wakaanza kukaushia wakulima wadogo. Turubai likazaa la pili, baadaye yakawa sita. Waligombana kwa kila kitu: chumvi ya mboga, siasa, nani alikunja turubai vibaya.

"Nyinyi Wakikuyu, jua likiuzwa mtalinunua lote," Bilha alikuwa akimwambia.

"Na wewe ungegeuza mahindi vile unageuza paja la kuku mdomoni, tungekuwa matajiri saa hii."

Kisha wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mimi sina rafiki wa hivyo, na sioni haya kusema kwamba niliwaonea wivu.

Tena Bilha alikuwa na kipaji. Akichukua punje moja akaiuma kwa jino la nyuma, anakwambia: kesho saa nane. Au: bado siku mbili. Wanunuzi walikuwa wakimwamini yeye kuliko vipimo vyao.

Mwaka waliokuja kwangu, walikuwa kikundi cha kina mama kumi, sita wa Kibomet na wanne wa Tongaren. Msimu uliotangulia ulikuwa umewaadhibu. Mvua ya Novemba ilinyesha siku kumi na mbili bila kupumua, na turubai halina dawa ya mvua kama hiyo. Mahindi ya Bilha mwenyewe, shamba zima, yaligeuka kijani kwenye magunia. Aliyauza yakawa chakula cha nguruwe. Wekoye, aliyekuwa chuo cha ufundi, akarudi nyumbani kukaa.

"Jelimo, natafutia Mama Wekoye mashine," Wakiuru aliniambia siku ile ya kwanza, hata kabla ya kukaa. "Nimeiona kwa maonyesho ya kilimo. Unawasha moto na magunzi, unamwaga mahindi hapa, yanatokea hapa yakiwa makavu. Mvua inyeshe, isinyeshe. Na iko na magurudumu! Wiki moja inakaa Kibomet, wiki moja inavutwa Tongaren. Bei yake hatuwezi, hata tukiuza figo. Serikali iko na pesa. Nionyeshe mahali iko."

Nilimwonyesha. Miezi mingi tulitafuta. Mfuko wa kina mama wa serikali kuu tuliupata haraka, lakini ule ni mkopo, na yeye mkopo aliukataa katakata. Wa vijana unataka mtu wa chini ya miaka thelathini na tano. "Andika thelathini na nne," alisema, na hakuwa anatania. Shirika moja la wafadhili lilikuwa limefunga maombi siku tatu kabla hatujalisikia. Alizunguka ofisi za wadi akipiga picha kila karatasi iliyobandikwa ukutani na kunitumia kwa simu, hata tangazo la ng'ombe aliyepotea. Akaenda Bungoma na Bilha, wakapanga foleni asubuhi nzima, wakaelezwa kwa heshima kwamba ruzuku ya kule ni ya vikundi vilivyosajiliwa kule, na mwenyekiti lazima awe mkaazi wa kule.

Halafu ikatoka ya kwetu Trans-Nzoia. Ruzuku ya mashine, kwa vikundi vya watu wa mavuno, si pesa mkononi bali mashine yenyewe. Niliisoma mara mbili kabla ya kumpigia simu, maana zile nyingine zilikuwa zimenichosha. Walikuja wote wawili, wakabanana kwenye benchi, nami nikawasomea masharti. Wanachama wasiopungua kumi. Wote wawe wakaazi wa kaunti hii, na vitambulisho na barua ya chifu.

"Wote?" Wakiuru akauliza.

"Wote."

Sharti halikuwa baya. Pesa ni za watu wa kaunti, ziende kwa watu wa kaunti. Lakini wale kina mama hawakuwahi kujua kwamba wana kaunti. Mpaka wenyewe ni shamba la mahindi upande huu na shamba la mahindi upande ule. Bilha alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso. Wakiuru alikuwa ameshaanza kusema basi tuache, tutafute nyingine.

Mimi ndiye niliyesema, "Si muazime majina?"

Hiyo ni desturi yetu na kila mtu anaijua. Siku maafisa wanakuja kukagua, kuku wa jirani huja kutembelea banda lako. Ng'ombe wa shemeji hulala kwako. Mimi nimemwona kondoo dume mmoja akipigwa picha na vikundi vitatu katika wiki moja, na vyote vitatu nilivichapia mimi. Hata watu huazimwa. Tunawaita wanachama wa karatasi. Wakaguzi wakiondoka, kila kitu kinarudi kwao, kuku kwa kuku na mtu kwa mtu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwahi kuomba ruzuku.

Wakiuru alisita. Aliyekubali kwanza alikuwa Bilha.

"Ni kalatasi tu, Mama Kim," alisema. "Toa jina langu, mashine ikuje."

Akaja nyuma ya meza yangu, akaniomba nimwonyeshe jina lake lilipo. Nikamwonyesha, namba mbili, chini ya la Wakiuru. Nikalifuta. La chini likapanda likachukua mahali pake. "Kumbe ni rahisi hivyo," akasema, na tukacheka sote watatu. Nikafuta na wale wengine watatu wa Tongaren.

Mahali pao Wakiuru alileta wanne kutoka kwaya yao ya kanisani. Wa kwanza alikuwa jirani yake, Wangechi, muuza maziwa, mwanamke safi, mwenye bidii, asiyependa maneno ya mitaani. Walitoa nakala za vitambulisho, wakaahidiwa soda na chakula siku ya ukaguzi, na Wakiuru akawaeleza wazi kwamba ni kwa ajili ya karatasi tu. Wakasema sawa. Nilikuwapo, nawatetea kwa hilo: wakati ule walimaanisha sawa.

Ukaguzi ulikuja Oktoba. Mahindi ya Kibomet yalikuwa bado shambani, lakini Tongaren walikuwa wameanza kuvuna mapema, basi Bilha akakiazimisha kikundi magunia kumi ya kwake, akayaleta mwenyewe kwa mkokoteni wa punda mpaka barabarani na kwa pikapu mpaka Kibomet. Na kwa kuwa wale wa kwaya walikuja na viatu vya Jumapili, alibaki kuyageuza. Mimi niliitwa kupiga picha za faili.

Afisa aliitwa Kipyegon. Kijana mtaratibu, shati limepigwa pasi, mkononi kile kimashine cha kupimia unyevu wa mahindi. Aliwasalimia kina mama mmoja mmoja, akalinganisha uso na kitambulisho, akaweka alama. Kumi kwa kumi. Wakiuru akaeleza kazi, akaeleza mvua ya mwaka uliopita, akaeleza vizuri mpaka afisa akawa anaitikia kwa kichwa. Bilha alikuwa kwenye turubai nyuma yao, miguu mitupu, anaburuta mistari yake.

Kisha afisa akasema, kwa uzuri tu, kama mtu anayetaka kufunga mazungumzo, "Na mnajuaje kama yamekauka?"

Akamgeukia Wangechi, aliyekuwa karibu. Wangechi akachota mahindi, akayamwaga, akasema, "Haya? Haya yako sawa. Yamekauka."

"Bado," Bilha akasema kutoka kule nyuma.

Watu wote wakageuka. Bilha alikuwa na punje mdomoni. Aliitema kiganjani, akaiangalia. "Hii bado. Jua la leo na la kesho. Kesho kutwa asubuhi unaweza funga gunia."

Kipyegon akacheka, akainama, akajaza mahindi kwenye kimashine chake. Tukangoja. Kikamwambia unyevu ni asilimia kumi na tano na nusu, na ghalani hautakiwi kuzidi kumi na tatu na nusu. Alikiangalia, akamwangalia Bilha, na uso wake wote ukabadilika. Nimeshuhudia maafisa wengi, na ni mara chache sana kumwona mmoja akifurahi kweli.

"Ah! Mama, wewe ndiye mashine yenyewe," akasema. Kisha akafungua ile orodha. "Na huyu mama ni nani? Sijamwona hapa. Ni mwanachama?"

Ungeweza kusema mambo mengi pale. Ni dada yetu. Ni mgeni. Ni mwenye mahindi. Ni mwalimu wetu, hata, na lingekuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa na majibu matatu kwenye ulimi, lakini sikuulizwa mimi. Wakiuru aliona akilini kitambulisho cha Tongaren kikitolewa mfukoni, akaona mashine ikirudi ilikotoka, na akajibu haraka kuliko alivyofikiri.

"Hapana, hapana. Huyo ni kibarua tu."

Afisa akaandika. Niliona kalamu ikienda. "Mmepata kibarua mzuri," akasema. "Mlipeni vizuri."

Wale wa kwaya wakacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Bilha alirudisha mguu ndani ya mahindi akaendelea na mstari wake mpaka mwisho wa turubai, akageuka, akaanza mwingine. Alimaliza turubai lote. Niliona aibu, nasema ukweli, lakini nilikuwa nimelipwa kupiga picha na nikapiga. Anaonekana kwenye picha mbili, kwa nyuma, kichwa chini.

Jioni Wakiuru alimfuata kwenye pikapu. "Mama Wekoye, umeelewa lakini? Angeomba kitambulisho."

"Nimeelewa," Bilha akasema. "Si ilikuwa lazima."

Na nadhani kweli alielewa. Kuelewa hakujawahi kumzuia mtu kuumia.

Ruzuku ilipita. Februari wakaitwa kutia sahihi, na nakala ya mkataba ilitolewa kwenye printa yangu, kurasa nne za Kiingereza. Kifungu cha sita kilisema mashine isitoke nje ya kaunti. Cha tisa kilisema orodha ya wanachama isibadilishwe kwa miaka mitatu. Nilivisoma nikiwa napanga karatasi. Niliviona vyote viwili, nikajiambia bila shaka wameelezwa huko ofisini, na kwamba kazi yangu ni kuchapa, si kuhubiri. Wakiuru alichukua bahasha yake akaenda akiimba. Hilo sijajisamehe, na sijui kwa nini nalisema hapa badala ya kumwambia yeye.

Mashine ilifika Agosti, ya kijani, mpya, na magurudumu yake manne. Wakiuru aliita mkutano wiki hiyo hiyo. Alikuwa amepanga kila kitu: wale wanne wa kwaya washukuriwe kwa kitenge kila mmoja, wale wanne wa Tongaren warudi, na msimu ukianza mashine iende wiki huku wiki kule. Alinipigia simu nije kuandika kumbukumbu za mkutano. Bilha hakuwapo. Alikuwa ameambiwa angoje Tongaren mpaka mambo yakae sawa.

Wangechi ndiye aliyesimama. Hakupiga kelele. Mkononi alikuwa na nakala ya mkataba, na mtoto wake aliyemaliza sekondari alikuwa amemsomea.

"Mama Kim, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini hebu niambie. Jina langu liko hapa. Sahihi yangu iko hapa. Mashine ikishikwa huko Tongaren, nani atapelekwa kituoni? Ni hao wanne? Hao hawako kwa hii karatasi. Ni mimi. Ati nipewe kitenge? Mimi nabeba mzigo, halafu kitenge?"

Watu wakaguna. Hata wale wengine wa Kibomet, waliogeuza mahindi na Bilha miaka yote hiyo, wakaanza kuangalia chini. Mtu mmoja akasema asiyekuwepo na lake halipo, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Mashine ikae Kibomet, orodha ibaki ilivyo. Wanane kwa wawili. Mkono wa pili uliokuwa na Wakiuru ulikuwa wa mama mmoja mzee asiyesikia vizuri, na sina hakika alijua anaunga mkono nini.

Niliandika yote. Wangechi hakuiba kitu. Alisoma kilichoandikwa, na aliyekiandika hivyo ni sisi.

Msimu ulipoanza mashine ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Foleni ya magunia ilifika barabarani. Wakiuru aliendelea kuwa mwenyekiti, akanunua mabati mapya, akakonda. Alimpigia Bilha simu: leta mahindi yako Kibomet, nakukaushia mimi mwenyewe, usilipe hata ndururu. Bilha akamshukuru vizuri. Hakuja. Akampigia tena, akamwambia atamtumia pikapu. Bilha akasema asijisumbue, jua bado lipo. Mara ya tatu simu ilipokelewa na Wekoye, akasema mama yuko shambani, ingawa sauti ya mama ilisikika.

Novemba mvua ikarudi. Asubuhi moja mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Mlima Elgon, na Wakiuru akaacha foleni yake yote, akamwachia Wangechi funguo, akanunua mkate na sukari kilo mbili, akaenda Tongaren. Hayo yaliyobaki nilielezwa na yeye mwenyewe, kwa kuwa aliporudi hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja dukani kwangu, nguo zimelowa zikakaukia mwilini, mfuko wa nailoni mkononi.

Alimkuta Bilha uani peke yake, mahindi yametandazwa kwenye maturubai mawili ya zamani, wingu liko juu ya paa. Bilha akasema, "Karibu, mama." Wakiuru hakungoja. Alirusha viatu, akaweka mkate juu ya kisiki, akaingia kwenye mahindi. Wakayakusanya pamoja, mmoja pembe hii mmoja pembe ile, bila kuambiana, kama walivyofanya mara elfu moja. Matone ya kwanza yakaangukia turubai tupu.

"Nikafikiria imeisha," aliniambia. "Nikafikiria sasa atanitukana, halafu tutacheka."

Wakaingia jikoni. Bilha akampa chai na viazi vitamu. Akamuuliza habari za Kim. Wakiuru akaanza kusema yale aliyokwenda kusema, kuhusu siku ya ukaguzi, kuhusu neno lile. Bilha akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkatiza.

"Ilikuwa lazima, mama," akasema. "Mimi sina kinyongo."

Mvua ilipopungua Wakiuru akasimama kuaga. Bilha akamwambia angoje kidogo. Akaenda kwenye yale mahindi waliyotoka kuyaokoa, akachukua gorogoro, ule mkebe tunaopimia unga na mahindi sokoni, akajaza wa kwanza akamimina kwenye mfuko, akajaza wa pili. Akamletea mlangoni, kwa mikono miwili.

Wakiuru alipofika hapo kwenye kueleza, aliuweka ule mfuko mezani kwangu. Mahindi meupe, masafi, hayajakauka vizuri. Kulikuwa na wateja wawili na hakuwajali.

"Alinilipa, Jelimo," akasema.

Nikamwambia labda alimaanisha zawadi. Mtu hatoki Tongaren mikono mitupu, nikasema, wale watu ni wakarimu, kila mtu anajua.

"Zawadi nani anapima?" akasema. "Alipitisha mkono juu ya mkebe, ukawa sawa kabisa. Akaongeza punje kidogo kwa vidole, vile sisi hufanya. Halafu akaniuliza kama nimeridhika."